Sikio la Kushoto la Fundi Almasi

Karakana ya Fundi Almasi ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa chumba kirefu chembamba, na malori ya saruji yalipopakua jirani, vumbi lake lilitua juu ya kila kitu isipokuwa vioo, maana vioo alivifuta mwenyewe kila alipopita. Jina la Almasi alipewa na wateja kwa sababu ya kikalamu chenye ncha ya almasi alichokatia kazi zake. Hakikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku za mapumziko. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Alilaza kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akapitisha kikalamu mara moja tu, akagonga kwa chini kwa kifundo cha kidole, na kioo kikaachana taratibu pale pale alipotaka.

Alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye kwa urefu wake watu walimwita Ngazi. Vioo vidogo Almasi alivibeba peke yake, lakini vile vikubwa vya madirisha ya maduka vilihitaji watu wawili wanaojuana. Mmoja hutangulia, mwingine hufuata, na hawatazamani usoni. Kila mmoja anamsoma mwenzake kwa uzito unaohama mikononi. Walikuwa wamebeba hivyo kwa miaka mingi, na Ngazi alipenda kuwaambia watu kwamba anaujua mwendo wa shemeji yake kuliko dada yake anavyoujua.

Jambo moja lazima lisemwe mapema. Almasi aliwahi kuwa mlevi, na ulevi wake haukuwa wa mchezo. Zilikuwapo siku ambazo mkewe alimfuata kilabuni akamrudisha amemshika mkanda, majirani wakijifanya hawaoni. Aliacha mwaka ule ambao binti yao wa pekee alimaliza shule. Hakutangaza. Siku moja hakwenda, kesho yake hakwenda, na wiki zikapita. Nyumbani walimwamini kidogo kidogo, kwa tahadhari ya mtu anayejaribu maji ya moto kwa ncha ya kidole. Kufikia wakati binti alipoolewa na kupata mtoto, habari za pombe zilikuwa hazizungumzwi tena katika nyumba ile, na Almasi alidhani kutozungumzwa ni sawa na kusahauliwa.

Siku yenyewe walikuwa wanapeleka kioo cha mbele cha duka la vitambaa. Tangu alipoamka Almasi alihisi sikio la kushoto limeziba, kana kwamba maji ya kuoga yameingia, na ndani yake kulikuwa na mvumo wa friji mbovu. Alilitingisha kwa kidole, akalaumu vumbi, akaenda kazini. Walikiteremsha kioo kwenye gari, Ngazi mbele, yeye nyuma, wakaanza kukatiza mbele ya duka. Hapo ndipo ardhi ilipogeuka. Hakuwa na neno jingine la kuieleza. Duka lilianza kwenda kulia, na kila alipolirudisha kwa macho lilikwenda tena. Miguu ikakosa mahali pa kukanyaga. Alipiga kelele moja, "Shusha!", lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuachia.

Kioo kilipasuka kwa mlio ulionyamazisha mtaa mzima. Ngazi alichanika mkono kidogo juu ya kiwiko. Almasi alikuwa amepiga magoti, ameshikilia ukingo wa kibaraza kwa mikono miwili, anatapika, na macho yake yanachezacheza kwenda upande mmoja. Mwenye duka alitoka, akamtazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba saa hizi ni mapema mno kwa mtu kuwa katika hali hiyo. Waliosimama pembeni walicheka. Ngazi aliinama kumwinua shemeji yake, na kabla ya kumwinua alisogeza uso karibu na mdomo wake na kuvuta pumzi.

Almasi alikuwa haoni vizuri, lakini hilo aliliona.

Alifikishwa nyumbani akalazwa kitandani, na akabaki ameshika godoro pande zote mbili, maana hata akifumba macho kitanda kilikuwa kinazunguka. Mkewe aliitwa kutoka kazini. Alikuwa mpishi mkuu wa shule moja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha masufuria, na kila mtu, hata mumewe, alimwita Mama Jiko. Aliingia, akamtazama, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji, akatoka bila kuuliza kitu. Kisha Almasi akaanza kusikia, kwa sikio lake la kulia, vitu vinasogezwa. Pipa la maji. Mlango wa kabati. Masanduku yaliyo juu ya kabati, moja baada ya jingine. Alijua mkewe anachotafuta. Alitaka kumwita amwambie hakuna kitu, lakini alijua pia kwamba maneno hayo aliwahi kuyasema mara nyingi wakati kitu kipo. Akanyamaza, akaendelea kushika godoro.

Ugonjwa ulitulia kabla ya jua kuzama, ukaacha kichwa kizito na mwendo wa kupepesuka uliodumu hadi siku ya pili. Siku ya tatu alikuwa mzima, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alionekana mtu aliyelala pombe ikamtoka. Mama Jiko hakumtuhumu. Alimpikia, akamfulia, akaongea naye habari za shuleni kama kawaida. Ila kila alipokusanya nguo za kufua, shati lake alikaa nalo mkononi muda mrefu kidogo kuliko nguo nyingine.

Jumapili iliyofuata binti alikuja na mtoto wake mchanga. Almasi alipewa ampakate, akakaa naye hadi usingizi ukamchukua mtoto. Alipotaka kunyanyuka ili amlaze, aliyumba kidogo, kiasi cha kugusa ukuta kwa bega. Binti alikuwa amefika tayari. Alimchukua mtoto mikononi mwake, akasema, "Nipe, Baba, anataka kunyonya." Mtoto alikuwa amelala fofofo. Almasi alikaa chini tena na kuitazama mikono yake mitupu, na siku hiyo hakula.

Mashambulizi yalirudi. Wakati mwingine zilipita wiki kadhaa bila shambulio, wakati mwingine yalifuatana. Kila mara yalitanguliwa na kule kuziba kwa sikio na mvumo wa friji, na kila yalipoondoka yalionekana kuondoka na kipande kidogo cha usikivu wake. Wateja wakizungumza kutoka kushoto kwake alianza kujibu mambo ambayo hawakuuliza. Mwishowe alikwenda kwenye duka la dawa la mtaani, akamweleza muuzaji kwamba anasikia kizunguzungu na kutapika. Muuzaji alimpa vidonge vidogo vyeupe na kumwambia ameze kimoja hali ikimjia.

Vilimsaidia kweli. Akimeza na kulala, mzunguko ulipungua nguvu, na matapishi yakakatika. Lakini Almasi alikuwa mtu mwenye hofu sasa, na mwenye hofu hangoji hali imjie. Alianza kumeza kimoja kila asubuhi kabla ya kushika kioo, kisha kingine mchana. Muuzaji naye hakuwa na mazoea ya kuuliza maswali. Vidonge vilimtia usingizi na uzito wa ulimi. Alisinzia akiwa amekaa, akachelewa kujibu, akatembea kwa kuburuta miguu, na kila siku akawa anafanana zaidi na mtu yule wa zamani ambaye watu wote walimkumbuka. Ngazi alianza kubeba vioo vikubwa na kijana wa duka la jirani. Hakusema sababu. Alisema tu, "Pumzika, shemeji, hiki sisi tutakimaliza."

Jumamosi moja mchana Mama Jiko alipeleka chakula karakanani. Alimkuta mumewe amelala sakafuni juu ya maboksi, mdomo wazi, kikalamu kimemtoka mfukoni. Ngazi alikuwa kazini kwingine. Mama Jiko aliweka chakula mezani, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, akatoa mkebe wa puti, ile ya kugandishia vioo, uliokuwa nyuma ya mikebe mingine, maana humo ndimo chupa zilimokuwa zinalala enzi zile. Alifungua, akaingiza mkono. Akatoa kifuko cha plastiki chenye vidonge.

Alivuta kibao, akakaa, akamsubiri aamke.

Almasi alipofumbua macho aliona kwanza miguu ya mkewe, kisha mkebe, kisha kile kifuko kikiwa juu ya goti lake.

"Hizi ni za nini?" Mama Jiko aliuliza.

"Za kizunguzungu."

"Nani kakupa?"

Alimtaja muuzaji wa duka la dawa. Mama Jiko alikigeuza kifuko mkononi, akavinusa vidonge, ingawa vidonge havina harufu ya maana.

"Na kwa nini umeviweka humu?"

Almasi alikaa kitako juu ya maboksi. Alifikiri kweli, kwa sababu na yeye hakuwa amejiuliza swali hilo. "Sijui," alisema mwishowe. "Mkono ulijiendea wenyewe. Nadhani umezoea kuficha."

Mama Jiko hakucheka wala hakulia. Alirudisha mfuniko wa mkebe, akaukaza, akasema Jumatatu shule itapikiwa na msaidizi wake, na karakana itafungwa, na wao wawili watakwenda hospitali.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, aliyevaa miwani juu ya nywele na kuitafuta mezani. Aliuliza maswali mengi na hakuwa na haraka. Kizunguzungu kinakaa muda gani, saa au dakika? Ni kama kuzimia, au vitu vinazunguka? Sikio gani linaziba? Kelele yake ikoje? Katikati ya maswali hayo akauliza kama Almasi anakunywa pombe. Chumba kilikuwa kidogo, na Almasi alimsikia mkewe akiacha kupumua.

"Nilikunywa sana," alijibu. "Niliacha."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akaendelea na swali linalofuata. Almasi alikaa akimtazama. Kwa miaka yote tangu aache, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza swali hilo na kuchukua jibu bila kumgeukia mtu mwingine usoni.

Alipigiwa chuma chenye umbo la uma kinacholia, kikashikizwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Aliambiwa atembee amefumba macho. Kisha akafungiwa katika chumba kidogo kilichopambwa sifongo ukutani, akavishwa vipokea sauti, akapewa kitufe abonyeze kila atakaposikia mlio. Upande wa kulia alibonyeza mfululizo. Zamu ya kushoto ilipofika alikaa akingoja, akangoja, hadi akadhani mashine imezimwa, akageuka kuangalia dirishani. Mpimaji alikuwa bado anabonyeza vitufe vyake.

Daktari aliwaeleza wote wawili. Alisema ndani kabisa ya sikio, nyuma ya pale panaposikia, kuna vijia vidogo vilivyojaa maji, na maji hayo yakicheza ndiyo huuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Katika sikio la kushoto la Almasi maji hayo yalikuwa yanajaa kupita kiasi. Yakishafurika, sikio linapeleka habari za uongo, linasema mwili unazunguka wakati umesimama, na ubongo hauna budi kuamini. Wanaougua hivi si wachache, alisema, na wengi wao hudhaniwa walevi kabla haijajulikana kwamba ni wagonjwa.

Mama Jiko alikuwa amekumbatia mkoba wake. "Daktari," alisema, "pombe inaweza kuleta hii?"

"Pombe inaweza kumyumbisha mtu, mama. Lakini haichagui sikio moja."

Baada ya hapo wakazungumza habari za dawa. Vile vidonge vyeupe daktari hakuvitupa, lakini alisema vina kazi yake. Ni vya siku ya shambulio tu. Vikimezwa kila siku vinaulaza ubongo, na ubongo uliolala haujifunzi kuzoea hitilafu ya sikio. Mtu anabaki anapepesuka hata siku ambazo sikio lenyewe limetulia. Alimwandikia vidonge vingine vya kumeza kila siku, vya kusaidia damu izunguke vizuri ndani ya sikio, na vingine vya kupunguza maji mwilini, akamwonya kwamba hivi vitampeleka chooni sana. Na chumvi ipungue. Si kidogo, alisema akimtazama Mama Jiko. Ipungue haswa, kwa kuwa chumvi huzuia maji mwilini.

Alisema jambo jingine ambalo Almasi alilipenda kwa sababu lilikuwa la ukweli. Alisema hawezi kuahidi. Dawa hizi huwasaidia wengine sana, wengine kidogo, na wengine zinapita tu. Watajaribu miezi kadhaa, kisha waangalie.

Njiani kurudi Mama Jiko alitangulia hatua chache, na mara moja tu alisimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Vita ya kwanza ilikuwa ya chumvi. Mama Jiko alikuwa amejijengea heshima yake yote juu ya ulimi wake. Pale shuleni walimu walikuwa wanaingia jikoni kwa visingizio ili waonje. Sasa alitakiwa kuweka mezani kwake maharage ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, yalikuwa yanamtazama kwa huruma. Aliamua kwamba nyumba nzima itakula chakula cha mgonjwa, ili asionekane kutengwa. Ngazi, aliyezoea kula kwao kila mchana, alivumilia siku chache, kisha akaweka kijiko chini.

"Dada, mgonjwa ni mmoja," alisema. "Mbona tunatibiwa wote?"

Almasi alicheka hadi akapaliwa, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu kile kioo kipasuke. Kidogo kidogo Mama Jiko alijifunza kuchoma nyanya kabla ya kuzipika, kuongeza kitunguu saumu, kumalizia kwa limau. Hakukubali kamwe kwamba chakula kimekuwa kizuri. Alikubali tu kwamba kinapita kooni.

Habari za vipimo Mama Jiko mwenyewe alimpelekea binti yao, siku ambayo Almasi hakuwapo. Yaliyosemwa huko Almasi hakuambiwa. Alichoona ni kwamba binti alikuja siku za katikati ya wiki, jambo ambalo si kawaida yake, akamwomba baba yake akae kwenye kiti chenye mikono, akamwekea mtoto mapajani. Kisha akaenda jikoni kumsaidia mama yake na akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwapo. Hakuomba radhi. Almasi naye hakuingoja. Mtoto alikishika kikalamu mfukoni akataka kukila, na babu akawa na kazi ya kumnyang'anya.

Miezi ikapita. Usingizi wa mchana ulimtoka, ulimi ukawa mwepesi, na mwendo ukanyooka. Mashambulizi yalipungua, yakawa ya mbali mbali, naye akaanza tena kubeba vioo na shemeji yake, ila sasa juu ya ngazi hakupanda. Alikata chini, Ngazi akapachika juu. Alidhani ameshinda. Ndipo ugonjwa uliporudi kwa nguvu, siku wanaweka vioo vya madirisha kwenye jengo la ofisi, na haukumpa hata onyo la mvumo.

Safari hii walikuwa na kioo cha wastani. Almasi alisema tu, "Shem," na Ngazi akaelewa kutoka mikononi kabla hata neno halijaisha. Alikivuta kioo upande wake, akakiegemeza ukutani, akamdaka mwenzake na kumkalisha. Alimtolea kidonge cheupe kutoka mfukoni, maana siku hizi kidonge kimoja kilikaa na yeye pia. Wafanyakazi wa ofisi walipoanza kukusanyika na mmoja wao kutabasamu tabasamu lile, Ngazi alisimama na urefu wake wote.

"Ni sikio," aliwaambia. "Ana ugonjwa wa sikio la ndani. Mwenye kucheka aende akacheke nje."

Walitawanyika. Ngazi alikaa sakafuni karibu na shemeji yake, akamshika bega hadi mzunguko ulipopungua. Siku zote tangu duka la vitambaa Almasi alikuwa amebeba kinyongo kile cha kunuswa mdomo, na hakuwahi kukitamka. Pale sakafuni alijaribu kukitafuta akakuta kimelegea. Hakikuisha siku hiyo, lakini kuanzia hapo hakikuwa na uzito wa kumsumbua.

Daktari alipopata habari alisema wakati umefika wa kujaribu njia nyingine. Kuna dawa ya kutuliza uvimbe ambayo, badala ya kumezwa izunguke mwili mzima, itachomwa kwa sindano kupitia ngoma ya sikio, ikae nyuma yake na kupenya taratibu hadi ndani. Almasi aliuliza kama inauma. Daktari alisema kutakuwa na ganzi, na kwamba watu wengi huchukia zaidi sehemu inayofuata, maana baada ya sindano mgonjwa hulala ubavu, sikio lile likitazama juu, na kwa karibu nusu saa haruhusiwi kuongea wala kumeza mate, dawa isije ikatelemkia kooni.

"Kutoongea ataweza," Mama Jiko alisema. "Huyo amefanya mazoezi maisha yake yote."

Sindano yenyewe ilikuwa baridi kali iliyoingia kichwani, kisha dunia ikageuka kidogo na kurudi mahali pake. Nesi alimwekea kitambaa chini ya shavu la kulia, akamwelekeza mate ayaache yatoke, akawaacha peke yao nyuma ya pazia. Almasi alilala akitazama ukuta uliopakwa rangi ya maziwa. Mama Jiko alikuwa nyuma yake kwenye kiti.

Ndipo mkewe alipoanza kuzungumza. Sikio zima la Almasi lilikuwa limezama ndani ya mto, na la kushoto, ambalo hata siku nzuri lilisikia nusu, lilikuwa limejaa dawa. Sauti ya mkewe ilimfikia ikiwa imevunjika vunjika. Alisikia kwamba amekuwa akinusa mashati yake miaka yote, hata baada ya kuacha, hata miaka ambayo yeye Almasi alidhani mambo yamekwisha. Kikapita kipande ambacho hakukipata. Kisha akasikia kwamba siku ile ya kwanza, alipokuwa anapekua nyumba, alitamani aikute chupa. Chupa alikuwa anaijua. Alikuwa amekwisha kuishinda mara moja. Ugonjwa asioujua jina ndio uliomtisha. Tena sauti ikazama. Ikaibuka ikisema, "...na wewe umelala pale unasikia kila kitu, na hukuniita."

Mate yalikuwa yanamchuruzika shavuni, na hakuruhusiwa kusema neno. Aliupeleka mkono nyuma ya mgongo wake, akapapasa hewani hadi ukakutana na goti la mkewe. Mama Jiko aliushika. Akaendelea kuongea, taratibu, hadi nesi alipofungua pazia. Almasi hakuwahi kumwuliza yale ambayo hayakumfikia. Alihisi kwamba hata yeye mkewe alikuwa amechagua siku hiyo kwa sababu ya sikio lile, na kwamba yalipaswa kusemwa zaidi kuliko kusikiwa.

Sindano ilirudiwa baada ya muda. Matokeo yake hayakuwa ya miujiza. Mashambulizi makali yalikoma kwa miezi mingi. Yalibaki madogo ya kupita, ambayo aliyakalia chini, akakazia macho kitu kimoja kisichosogea na kuyaacha yapite. Usikivu wa kushoto haukurudi. Alijifunza kuwaweka wateja kulia kwake, na wale wasiojua walimwona fundi mwenye maringo, anayewazunguka kabla ya kuwasalimu.

Alipokwenda kuonana tena na daktari, aliambiwa kwamba ipo dawa nyingine ya sindano, kali zaidi. Ile haitulizi, inakizima kabisa kile kiungo cha usawa upande wa kushoto, na baada ya wiki kadhaa za kupepesuka ubongo hujifunza kutegemea upande wa kulia peke yake. Wengi walioipata huagana na kizunguzungu. Lakini inaweza kuondoka na usikivu uliobaki. Daktari alisema halazimishwi, hali yake ya sasa haimlazimishi, ila ni vizuri ajue ipo.

Almasi aliomba muda afikiri. Alitoka akakaa kwenye benchi la varandani karibu na mkewe, akaziba sikio la kulia kwa kiganja. Alitaka kujua hasa kilichobaki ni kiasi gani kabla hajakipa thamani. Alisikia magurudumu ya kitanda yakisukumwa, kama yako ndani ya pipa. Alisikia mtu anaita majina ya wagonjwa, bila kuyatambua majina yenyewe. Mlango ulifungwa mahali fulani. Kilikuwa kitu kidogo sana, na kibovu.

"Unafanya nini?" Mama Jiko aliuliza.

Hilo alilisikia, maneno yote mawili. Aliondoa kiganja, akamwambia alichokuwa anakipima. Mama Jiko alisema sikio ni lake, na lolote atakaloamua, yeye mkewe atalipikia. Walikaa kidogo, kisha Almasi akarudi ndani akamwambia daktari kwamba kwa sasa ataendelea na vidonge vyake na chakula chake, na siku ugonjwa ukimzidi nguvu atakuja wazungumze upya. Daktari alisema ni uamuzi mzuri, akashusha miwani kutoka kichwani, akamwandikia dawa za miezi mingine.

Walipitia dirisha la dawa wakangoja zamu. Simu ya Almasi ililia. Alikuwa Ngazi, anasema kuna mwenye saluni amekuja na vipimo vya kioo kikubwa cha ukutani, na anataka kazi imalizike kesho, na je, amwambie nini. Almasi aliihamishia simu kulia, akamwambia asimwahidi mtu kesho. Kioo kikubwa hakikatwi kwa haraka. Amwambie keshokutwa, tena mchana.